Masikio ya Lazare Bonnerot

Paris, 12 Novemba 1883

Kwa Dada Philiberte, mfua nguo mkuu wa Pont-Vézin, mkali kuliko sabuni yake mwenyewe,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa? Haya. Ile sanamu ya Baba ambayo kamati ya mji wetu imekuwa ikiipigia domo tangu mimi navaa kaptula, imepata mchongaji. Mchongaji mwenyewe ni nani? Ni Bwana Évariste Garandeau, wa kichochoro cha nyuma ya Montparnasse. Na mkono wa kuume wa Bwana Garandeau ni nani? Usijibu kwa sauti, Mama asije akamwaga supu. Ni mimi.

Najua utasema nimeanza. Sijaanza. Mimi ndiye niliyemwandikia meya, nikamsifia mzee mpaka wino ukaona haya. Nikasema Paris nzima inamvulia kofia. Kwa kweli anayemvulia kofia ni muuza makaa, tena siku akilipwa. Lakini meya wetu ni mtu wa kuja, tajiri wa mbao, hajui mchonga sanamu wala mchonga mizinga ya nyuki. Alisoma bei, akaona ni ndogo, akapiga muhuri.

Ngoja nikuambie huyu mzee ni mtu gani, maana ndiye atakayemsimamisha Baba uwanjani. Ni mtoto wa mjane aliyekuwa akiuza maziwa mlango kwa mlango. Shule kubwa ya sanaa ilimkataa, akarudi, ikamkataa tena. Nusu ya maisha yake amefinyanga visichana vya kuegemea saa, vile ambavyo matajiri huviweka juu ya meko. Anasema hata akifumba macho mikono yake inafanya goti la kisichana. Kazi zake mwenyewe alizifanya Jumapili. Kubwa kuliko zote ilikuwa mkulima anayenyoosha mgongo baada ya kulima. Kwenye maonyesho wakaisifu, wakampa karatasi ya pongezi, lakini hakutokea mtu wa kulipia imiminwe kwa shaba. Ile ya plasta ikawekwa uani. Mvua ya Paris ikala uso, ikala mikono, sasa amebaki kama mshumaa uliosahauliwa unawaka. Kila asubuhi mzee akipita anamsalimia: "Umeamkaje, ndugu yangu?" Kifua cha mzee kinakoroma kama paka. Sanamu ya Baba itakuwa shaba yake ya kwanza, na mwenyewe anasema ndiyo ya mwisho.

Sasa tatizo ni uso. Baba hakuwahi kupigwa picha, na mto ulipomchukua mwaka ule wa mafuriko, akiwa anawavuta watu kutoka juu ya mapaa kwa upondo wake wa kuendeshea chelezo cha magogo, haukumrudisha. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nakumbuka harufu ya magome mabichi tu. Nikamwambia mzee: "Bwana, uso tunautafuta wa nini? Uso uko hapa, umejaa mkate."

Akaacha kutafuna. "Pua hiyo ndiyo ya baba yako?"

"Pua, kidevu, kila kitu! Mji mzima unasema."

(Hakuna aliyewahi kusema, lakini si watakuwa wamefikiri?)

Kwa hiyo, Dada, nitasimama uwanjani kwa shaba mpaka mwisho wa dunia, na wewe utapita chini yangu na beseni lako la nguo. Mzee anaomba kitu chochote cha Baba kilichokaa karibu na kichwa chake. Tuma ile kofia ya juu ya kabati.

Mdogo wako mzuri wa sura,
Aubin


Pont-Vézin, 25 Novemba 1883

Kwa Aubin, mkono wa kuume wa mtu mwenye bahati mbaya,

Kofia inakuja na Mama Tixier, anayekwenda Paris kumwona binti yake. Usiivae. Usiitumie kubebea viazi. Mama ameibusu kabla sijaifunga, ujue unachopokea.

Kuhusu uso: mwache bwana wako atumie uso wa mtu yeyote, lakini si wako. Wewe hukumchukua Baba, umechukua upande wa Mama. Nitakueleza alivyokuwa, umsomee. Masikio yalikuwa makubwa, yametoka nje kabisa. Jua likiwa mbele yake na wewe nyuma, unayaona mekundu kama taa. Pua ilivunjwa na gogo kabla sijazaliwa, ikalala kushoto. Kidevu kifupi. Ndevu za shavuni anazikata mwenyewe kwa mkasi wa kondoo, upande mmoja ukawa juu kuliko mwingine. Akicheka anajifunika mdomo kwa kofia kwa sababu ya meno.

Hakuwa mzuri, Aubin. Alikuwa wetu.

Changanya udongo, funga mdomo, kula vizuri. Mama anakohoa kidogo tu.

Philiberte


Paris, 20 Januari 1884

Dada mwenye wivu,

Nimekusamehe. Mtu akizaliwa na sura ya kawaida lazima aumie mwenzake akipata shaba.

Kofia nimeivaa, bila shaka. Ikashuka mpaka puani. Nikajikwaa kwenye ndoo, mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akanivua, akaiweka mezani ikiwa imepinduliwa, akachukua bikari. Akapima ndani ya kofia, akapima kichwa changu, akarudi kwenye kofia. Bikari ya mzee ina miguu iliyopinda kama ya mpanda farasi, na ukiwekewa kwenye panja baridi yake unaisikia mpaka mgongoni.

"Baba yako alikuwa na kichwa kirefu, kinakwenda nyuma," akasema. "Chako ni cha mviringo."

"Nimechukua upande wa Mama."

"Na dada yako?"

"Dada kichwa chake ni cha kubebea beseni, hakina umbo."

Hakucheka. Akatazama nje, pale alipo yule ndugu yake aliyeliwa na mvua. Halafu akasema, "Haya, kaa kwenye kiti. Inua kidevu," akaanza kunifinyanga. Niliona ajabu kidogo, lakini mtu hamuulizi mzee wake kwa nini anampendelea.

Baridi ya mwaka huu ni ya kishenzi. Udongo ukiganda unapasuka, na ukipasuka mkono wa Baba unaanguka chini na kazi ya wiki nzima. Tumeuzungushia matambara, tumesogeza jiko, na juu ya yote mzee amevua koti lake na kumvisha. Kwa hiyo hali ni hii: Baba amevaa koti, mzee amebaki na shati anakohoa, na mimi napuliza makaa kama pepo mdogo.

Kamati ilikuja Alhamisi! Meya Delaplanche, karani wake, na yule muuza dawa, Bwana Quillard. Mzee akafunua. Meya akazunguka sanamu mikono nyuma kama ananunua ng'ombe.

"Tazameni hiki kidevu!" akasema. "Hiki ndicho kidevu cha shujaa!"

Mimi huku nyuma nimekigeuza changu upande wa dirisha, mwanga ukipige vizuri.

"Kidevu hicho kinakula hapa kila mchana," mzee akasema.

Wakacheka wote isipokuwa Bwana Quillard, aliyekuwa anatazama viatu vyake. Sijui vilikuwa na nini. Wametia sahihi. Wakirudi mwezi wa tano kuthibitisha, udongo unakwenda kwenye plasta, plasta kwa wamimina shaba.

Njoo uone mwenyewe kabla sijawa maarufu nikakusahau. Mwachie shangazi kumtunza Mama siku mbili.

Uso wa Taifa,
Aubin


Paris, 3 Machi 1884

Philiberte,

Sijui nianzeje. Nikuite Dada? Haya, nimeshakuita, kwa mazoea.

Ulikuja. Ukasimama mbele ya sanamu ukasema, "Ni kazi nzuri, Bwana," basi. Ukala samaki wetu, ukamshonea mzee kifungo, ukanifuta udongo shingoni kama mtoto. Nikakusindikiza stesheni huku nakutania njia nzima, nakuambia utalipa kiingilio kuniangalia. Ulipofika mlangoni mwa behewa ndipo ukageuka.

"Aubin, uso ule hauwezi kusimama Pont-Vézin."

"Wivu huo!"

"Wazee watauona."

"Si ndio nataka wauone?"

"Watajua si wa kwake. Wanajua hukuzaliwa kwetu. Mama alikunyonyesha kwa mshahara. Wenyewe wakaacha kulipa."

Kengele ikalia. Nikakuuliza, "Wenyewe nani?" Mlango ukafungwa. Nikaona mdomo wako ukisema kitu nyuma ya kioo, na kioo chenyewe kina moshi.

Hongera. Umesubiri miaka ishirini, ukachagua kengele ya treni.

Mzee aliniuliza kulikoni, nikamwambia naumwa jino. Nimekaa mbele ya ule udongo tangu juzi nautazama, nao unanitazama. Nilidhani namjua yule kijana.

Niambie yote. Usiache hata kidogo kwa kunionea huruma, nitakujua. Na uandike herufi kubwa, macho yangu wiki hii hayana akili.

A.


Pont-Vézin, 9 Machi 1884

Mdogo wangu,

Wewe niite unavyotaka. Mimi sibadilishi.

Mama alizaa mtoto wa kiume baada yangu, miaka mingi baada yangu. Akaishi wiki chache, akafa. Maziwa yakabaki. Unajua wanawake wa huku wanavyofanya: ukiwa na maziwa na huna hela, unachukua mtoto wa Paris. Ukaletwa umekazwa nguo kama mkate, na mshahara ukawa unakuja kila mwezi. Halafu ukakoma. Barua zikarudi kama zilivyokwenda. Wakati huo ulikuwa umeshaanza kutambaa na kuniuma vidole.

Mwenye kuwagawa watoto akasema mtoto arudishwe alikotoka. Na Baba alikuwa anateremka Paris na chelezo chake cha magogo, kama kila mwaka maji yakijaa. Mama akakuvisha nguo safi. Hakulia mbele yetu, alikwenda kulia zizini. Baba akakuweka kwenye kikapu katikati ya chelezo, mkaondoka na mto.

Kule alikwenda mpaka kwenye nyumba yenyewe. Mlinzi wa mlango akasema wamehama, hajui wapi, ila nyumba ya watoto waliotupwa ni ile pale. Baba akaenda. Haya alitusimulia mwenyewe, na kila akisimulia alijifunika mdomo kwa kofia. Alisimama mbele ya ule mlango akashika kamba ya kengele. Na wewe, uliyekuwa mabegani kwake, ukashika sikio. Ukalivuta kwa nguvu zako zote. "Mmoja wetu ilibidi aachie," akasema. "Nikaachia mimi."

Watu wa vyelezo hurudi kwa miguu, hilo unalijua. Akarudi nao, wewe mgongoni ndani ya kikapu. Mimi ndiye niliyewaona wa kwanza, nikiwa darajani. Anatembea huku amegeuza shingo, kila hatua anatazama nyuma kama umelala. Shingo ilimkaa upande wiki nzima, Mama akawa anamkanda kwa mafuta ya bata bukini. Alipoingia ndani alisema, "Magogo yote wamepokea. Huyu hawakumpokea." Basi. Hakuna aliyejadili tena.

Wazee wote wanajua. Hawakuwahi kulisema mbele yako kwa heshima yake, na baada ya mafuriko ndiyo kabisa. Lakini kitambaa kikivutwa na uso ukawa wako, mtu mmoja angenong'ona, na ungelisikia pale uwanjani katikati ya tarumbeta. Nikaona ulisikie kwangu. Kengele haikuwa hila, Aubin. Nilijaribu tangu asubuhi, nikashona kifungo.

Sasa la Mama. Nimemwambia kwamba umejua. Akasema uuache uso wako palepale. "Shaba ikishasema ni mwanangu, nani atabisha?" Hilo ndilo neno lake, nami nimelileta kama nilivyopewa. Kamati imeshakubali. Bwana wako anaihitaji hiyo kazi. Uso ni wako, uamuzi ni wako.

Ziwa ulilonyonya ndilo nililonyonya mimi.

Dada yako,
Philiberte


Paris, 28 Aprili 1884

Kwa Bibi Philiberte Bonnerot,

Mimi ni mtu wa udongo, barua zangu ni fupi na zina madoa. Nisamehe.

Mdogo wako alinyamaza tangu barua yako ilipofika. Hapa kwangu hilo ni sawa na kengele za kanisa kukatika. Aliloweka matambara, alichota maji, alipepeta plasta, bila neno. Nilianza kutamani anitukane.

Jana asubuhi nilitoka kununua maziwa. Niliporudi alikuwa amechukua waya wa kukatia udongo na kuuondoa uso wote, kuanzia kwenye paji mpaka kooni. Nilimkuta amekaa chini, uso uko mapajani, ameufunika kwa kitambaa kibichi usikauke. Hata akiharibu, anaharibu kama fundi.

Nilifoka. Nilimwambia kazi ile imekubaliwa na kutiwa sahihi, kwamba mimi sina miaka mingine ya kusubiri. Nikamuuliza ni nani aliyempa ruhusa. Akasema, "Mwenye uso."

Ndipo akanisimulia kisa chote, pamoja na sikio.

Bibi, mimi nilijua tangu kofia. Bikari haina adabu ya kudanganya. Nikanyamaza kwa kuwa kamati ilitaka shujaa mzuri nami nilitaka shaba. Kijana huyu amefanya kwa dakika moja nilichoshindwa majira yote ya baridi, na anadhani nimemkasirikia.

Sasa nina mwili wa mwanamume asiye na uso, na kamati iko njiani. Ulipokuja hapa nilikutazama wewe kuliko ulivyoitazama sanamu. Ni tabia mbaya ya kazi yangu. Kichwa chako ni cha ile kofia. Masikio unayaficha chini ya kitambaa. Njoo ukae kwenye kiti changu, unielekeze pua ilivyolala. Nauli nitalipa mimi.

Kwa heshima,
É. Garandeau


Paris, 15 Juni 1884

Kwa Dada,

Safari hii nakuita kwa makusudi, si kwa mazoea.

Tangu uondoke mzee anakusifia mpaka nachoka. "Yule mwanamke anajua kukaa." Nimemwambia hujakaa tangu uzaliwe, ndiyo maana ulikaa vizuri, ulikuwa unapumzika. Lakini Dada, siku ile alipokuondoa kitambaa kichwani na masikio yakatokeza, halafu akaanza kukubandika ndevu za udongo, upande mmoja juu na mwingine chini, na wewe unamfokea, "Pua ishuke! Ishuke zaidi! Sasa umeizidisha, Bwana!" — nilitoka uani, si kucheka. Nilirudi pale uliponiita, nikamkuta ananitazama mtu ambaye sijawahi kumwona na ambaye namjua.

Mzee ameongeza jambo. Kichwa kilikuwa kinatazama mbele, kishujaa. Amekata shingo, amekigeuza, kinatazama nyuma juu ya bega, chini kidogo. Mgongoni hakuna kitu, mkanda tu unaopita begani. Nilimuuliza, "Kwa ajili yangu?" Akasema, "Kwa ajili ya shingo. Shingo iliyonyooka ni ya visichana vya saa." Ndivyo alivyo.

Sasa sikia kamati. Mzee akafunua. Meya akasogea, akarudi nyuma, akavaa miwani.

"Bwana Garandeau, haya ni nini?"

"Masikio."

"Naona kwamba ni masikio! Kidevu changu kiko wapi?"

"Kimekwenda kula."

"Sisi tulitia sahihi uso mwingine. Hatutasimamisha uwanjani mtu mwenye vishikio kama chungu. Rudisha ule, au hatulipi."

Mzee akawa mweupe. Nilimwona anatazama uani kwa yule ndugu yake. Kisha akasema polepole kwamba basi, atambakisha hapa, mvua ya Paris inamjua njia. Na akaanza kufunika.

Hapo mdomo wangu, unaujua, haukungoja. "Bwana Meya, ule uso ulikuwa wangu. Mimi si mwanawe wa kuzaa. Ni mtoto wa kunyonyeshwa, aliniokota mlangoni mwa wasio na watu. Pont-Vézin nzima inajua isipokuwa wewe na mimi, na mimi nimeshaambiwa."

Nikangoja dunia ianguke. Haikuanguka. Karani akakuna shingo. Na Bwana Quillard, wa viatu, akainua kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Na masikio yalikuwa hayohayo. Nilikuwa nakaa nyuma ya Lazare kanisani. Utoto wangu wote sikuwahi kumwona padri."

"Kwa nini hukusema mara ile?"

"Kijana alikuwa amesimama pale, Bwana Meya. Ningesemaje?"

Meya akazunguka tena, mikono nyuma. Akauliza huyu mtu anatazama nini huko nyuma. Mzee akasema, "Mto." Meya akasema, "Mm." Akapiga sahihi kama mtu anayemeza dawa.

Shaba imemiminwa wiki iliyopita. Sijui niseme nini kuhusu hilo, mimi ninayesema kila kitu. Walipovunja ganda la nje, sikio ndilo lililotoka kwanza, bado la moto. Mzee akavua kofia.

Lakini koti lile la baridi limetudai. Mzee yuko kitandani, kifua kimemkamata vibaya. Anataka nisome magazeti na niyatukane kwa sauti. Sitaweza kuja siku ya kuvua kitambaa, Dada. Hana mtu mwingine. Mwambie Mama asikasirike kuhusu uso. Mwambie nimekataa kuwa wa shaba, nina njaa sana.

Aubin


Pont-Vézin, 8 Septemba 1884

Aubin,

Nakuandikia kabla miguu haijapoa.

Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa makaburi. Meya alisoma hotuba, tukalijua neno "uzalendo" kwa kila upande. Tarumbeta zikakosea kama kawaida. Kisha wakavuta kamba, kitambaa kikakwama kwenye sikio la kushoto. Nakuapia. Ikabidi mtoto wa mhunzi apande kukinasua, na tayari wazee wa vyelezo walikuwa wanapiga kelele: "Ni yeye! Ni yeye! Acheni, hata msifunue!" Mzee Pourcelot akamfokea Baba ashuke, divai inachacha. Halafu yuleyule Pourcelot akakaa kwenye ngazi akalia, watu wakajifanya kutazama tarumbeta.

Mama alikuja na kinyongo chake. Njia nzima alisema alitaka uso wa mwanawe pale, si wa marehemu, marehemu anamkumbuka bila msaada. Alisimama mbele ya sanamu hajaridhika. "Mbona hanitazami?" akasema. Akaanza kuzunguka, ameshika mkono wangu, hatua baada ya hatua, kwenda kule nyuma anakotazama. Alipofika mahali macho yalipoangukia, akasimama.

"Anaangalia kama mtoto amelala," akasema.

Hakuna aliyemwambia, Aubin. Mimi sikumwambia.

Baadaye nyumbani, ninamvua viatu, akasema, "Wa shaba nimempata. Huyu mwingine yuko wapi?"

Nimeweka nauli ya treni ndani ya bahasha hii, ni hela za Mama mwenyewe. Bwana wako akiweza kusimama, njoo.

Philiberte


Paris, 19 Septemba 1884

Dada,

Mzee amesimama. Nimemsomea barua yako ya uzinduzi, akataka nirudie pale kwenye Pourcelot, kisha pale kwa Mama, kisha akageukia ukutani akasema kuna vumbi. Leo ametoka uani mwenyewe, amechukua nyundo, amemvunja yule ndugu yake wa plasta taratibu, vipande ametia kwenye gunia. Anasema udongo upo, Jumapili zipo, ataanza upya mgongo wa yule mkulima, na ameniambia nikirudi nije na mikono safi kwa sababu mikono ya mkulima nitafanya mimi. Mimi! Nitakuambia kwa kirefu, utakoma.

Mwambie Mama nauli imefika na kwamba nimemnunulia mzee kuku wa supu, mnene, na makaa. Asikasirike. Treni siitaki. Naondoka kesho asubuhi kwa njia ya kando ya mto, ile ya watu wa vyelezo, kwa miguu. Mniwekee supu, siku na saa ya kufika siijui. Nataka kuiona hiyo njia yote, maana mara ya kwanza nilikuwa nimelala.

Aubin Bonnerot